Lenzi Inayotazama Nyuma ya Mtu

Jua lilikuwa limeshazama alipofika kwa mjane mmoja kuchukua lenzi. Mtaani kwake walimwita Flashi, kwa sababu ya studio yake ndogo ya picha za pasipoti na harusi, na jina lilimganda hata mama yake mzazi akalizoea. Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: mpiga picha mmoja alikuwa amefariki, mkewe anauza vifaa vyake, na Flashi alikuwa ametafuta lenzi ya aina ile kwa miaka miwili.

Mjane alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani. Akamkabidhi kiboksi.

Flashi alijua kazi yake. Alimulika kioo kwa tochi, akakitazama mbele na nyuma. Hakuna kuvu. Hakuna mkwaruzo. Akaizungusha pete, ikateleza kama imepakwa mafuta. Akaitikisa karibu na sikio. Kimya. Ila alipoinusa... harufu ya udongo mbichi. Akasema moyoni, imekaa kabatini muda mrefu, si kitu.

"Unapiga nini?" mjane aliuliza. "Watu au majengo?"

Jinsi alivyouliza, Flashi alihisi kwamba jibu moja lingemkosesha ile lenzi. Na mkono wake ulikuwa umeshaipenda.

"Majengo," akasema.

Mjane alimtazama kidogo, akashusha pumzi, akapokea pesa, akafunga mlango.

Nyumbani, mama alikuwa sebuleni ameketi kwenye kigoda chake, anashona vifungo vya koti. Alikuwa muuguzi mstaafu, mdomo wake haukuwahi kustaafu. Flashi akafunga lenzi kwenye kamera, akafungua tundu lote la mwanga, akamlenga.

Krr... krr... pip.

Akaitazama picha kwenye skrini. Uso wa mama umefifia. Akapiga nyingine, imefifia vilevile. Akaegemea ukuta, akabana pumzi, akapiga tena na tena.

"Wee Flashi," mama akasema bila kuinua macho, "hii ni ya kumi na moja. Au nimeshakufa mwenzangu, unatafuta ya kuweka kwenye tangazo?"

"Fokasi inakosea, Mama. Inaangukia nyuma yako."

"Basi iambie niko mbele." Mama akavuta kitambaa mabegani. "Na ufunge hilo dirisha. Nasikia baridi shingoni."

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Flashi aliikuza moja ya zile picha. Lenzi ya aina hiyo, ukifungua tundu lote, hushika ukanda mwembamba tu. Kilicho ndani ya ukanda huonekana wazi, kilicho nje hufifia. Ukanda huo aliuona kwenye vigae vya sakafu, nyuma ya kigoda cha mama. Mistari ya vigae ilikuwa wazi kama imechorwa kwa wembe. Lakini pale palikuwa patupu. Hapakuwa na kiti wala meza. Lenzi ilikuwa imeacha uso wa mtu, ikashika hewa.

Ni kasoro ya kawaida, alijiambia. Fundi ataitengeneza.

Asubuhi alimpelekea fundi wa kamera, mzee mwenye kibanda chembamba kilichojaa skrubu na brashi, mtu wa kucheka kuliko kufanya kazi. Fundi aliweka rula mezani, akafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akailenga namba kumi.

Pip. Namba kumi ikatoka safi, hata doa la wino lilionekana.

Akajaribu na kopo. Safi. Akajaribu na kiatu chake mwenyewe. Safi.

"Binti yangu, lenzi hii ni nzima kuliko mimi," fundi akasema. "Kosa ni la mkono wako."

"Basi kaa hapo nikupige wewe."

Fundi akakaa, akatengeneza kola, akajichekesha. Flashi akabonyeza mara mbili. Wakainamia skrini pamoja. Fundi alikuwa amefifia. Nyuma yake kabisa, kwenye zulia kuukuu la mlangoni, nyuzi zilionekana moja moja. Hiyo ni picha ya kwanza. Katika ya pili, ukanda ulikuwa umesogea ndani, kwenye saruji.

"Umesogea wewe," fundi akasema.

"Iko kwenye stendi, Mzee."

Fundi alirudi kwenye kiti, Flashi akainama kwenye kitundu cha kuchungulia, akabonyeza nusu tu ili lenzi itafute bila kupiga. Pete ikaanza kuzunguka yenyewe. Krr. Ikatulia. Krr. Ikatulia. Polepole, kwa vipindi, kama lenzi inavyofanya inapomfuata mtu anayetembea.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa kibandani.

Fundi aliacha kucheka. Hakugeuka nyuma. Alinyoosha mkono, akazima kamera.

"Usinipige tena," akanong'ona. "Irudishe ulikoitoa."

Njiani kuelekea kwa mjane, Flashi alisimama chini ya kivuli cha duka lililofungwa, akafungua zile picha kumi na moja za mama. Usiku hakuwa amezilinganisha. Sasa alihesabu vigae.

Picha ya kwanza: ukanda uko vigae saba nyuma ya kigoda.

Ya tatu: sita.

Ya sita: vinne.

Ya kumi na moja: kigae kimoja na nusu.

Akaikuza ile ya mwisho mpaka skrini ikakataa. Ndani ya ukanda, juu ya vigae vikavu, palikuwa na alama mbili za unyevu. Nyayo. Vidole vyake vimeelekea mgongo wa mama.

Safari hii mjane alimfungulia mpaka ndani. Alipoona kamera tu, akafumba macho.

"Ulisema majengo."

"Nilidanganya, Mama. Nisamehe. Sitaki hata kurudishiwa kitu, ichukue tu. Ila niambie ni nini."

"Umempiga nani?"

"Mama yangu."

"Mara ngapi?"

Flashi akaonyesha vidole kumi, kisha kimoja.

Mjane akakaa. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. "Sijui ni kitu gani, binti yangu. Marehemu mume wangu alisema kila mtu ana chake nyuma, mbali, na hakina haraka. Mwenye kukiletea haraka ni hiyo lenzi. Kila ukibonyeza, chenyewe kinadhani kimeitwa. Kinapiga hatua."

"Na kikifika?"

Mjane aliinua kidevu kuelekea ukutani. Palikuwa na picha ya mwanamume mnene mbele ya kioo, kamera kifuani. Marehemu alikuwa amejipiga vizuri ajabu. Kila unywele wa ndevu ulionekana, kila kitundu cha ngozi, unyevu wa jicho. Ukanda ulikuwa umemwangukia yeye mwenyewe sawasawa.

"Jioni ile alifurahi," mjane akasema. "Aliniita, 'Njoo uone, imekaa sawa.' Asubuhi nilimkuta kwenye kiti."

Flashi akauliza, "Kuna namna ya kukirudisha?"

"Angejua, angekuwepo." Kisha mjane akafikiri, akaongeza, "Yeye alikuwa akiwapiga watu kwa mbele, siku zote. Siku moja alijiuliza, kikiitwa kutoka upande wa nyuma, kitageuka? Hakujaribu. Aliogopa kuona kinamtazama."

Mjane alikataa kuipokea lenzi. Hata mlango, aliufunga kwa kuusukuma na mguu, mikono ameificha nyuma.

Flashi alifika nyumbani akitweta. Jua la alasiri lilikuwa limeingia sebuleni mpaka nusu ya sakafu. Mama yuko kwenye kigoda chake, ametazama mlango, koti mapajani. Hajashona hata kifungo kimoja. Uso wake umepauka.

"Umerudi?" akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Leo siwezi, mwanangu. Nimeelemewa. Kama nimebeba mtoto mgongoni."

"Tangu lini?"

"Tangu jana ulipokuwa unanipigapiga mipicha yako."

Flashi hakulia. Angelia, mama angeuliza, na hakuwa na la kumwambia. Alipita ubavuni mwake, akibana ukuta asikanyage vigae vya nyuma ya kigoda, akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni. Sasa mama amempa mgongo. Kati yao, sakafu tupu.

Sakafu kavu. Aliitazama kwa macho yake mawili. Hakuna alama.

Akainua kamera. Akabana viwiko mbavuni.

"Mama."

"Eeh."

"Utasikia napiga picha. Usigeuke. Kwa hali yoyote ile, usigeuke."

"Mbona unanong'ona?"

"Nakuomba, Mama."

Mama alikuwa amekaa wodini miaka thelathini, aliijua sauti ya mtu anayeomba kweli. Akakaza macho mlangoni.

Krr... pip.

Picha ya kwanza. Ukanda uko nyuma tu ya kigoda, umekaribia kugusa miguu yake. Nyayo mbili za unyevu. Visigino vimemwelekea Flashi. Vidole vimemwelekea mama.

Akabonyeza tena.

Visigino bado viko vilevile. Lakini unyayo wa kushoto ulikuwa umekaa upande... kama wa mtu aliyesikia sauti nyuma yake.

Akabonyeza tena.

Vidole vimemwelekea yeye.

Kamera karibu imdondoke. Alitaka kukimbia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na uani mwanga ulikuwa bado mwingi, majirani wanaongea. Hatua tatu tu, angekuwa nje. Lakini akimuacha mama pale na kile kitu bado kimesimama nyuma yake tu...

Akabonyeza.

Vigae viwili kutoka kwa mama.

Pip. Vitatu.

Pip. Vinne. Nyayo hazikuwa mbili tena, zilikuwa zimeacha mfululizo. Harufu ya udongo ikamjaa puani, udongo uliochimbwa sasa hivi.

Pip. Vitano.

"Flashi," mama akaita kwa sauti ndogo. "Ni nani anayeburuza miguu?"

"Usigeuke!"

Pip. Vigae sita. Sasa ukanda ulikuwa umeacha upande wa mama kabisa, umeingia upande wake. Angeweza kuhesabu vilivyobaki bila kuangalia skrini. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kidole chake kinaendelea kubonyeza chenyewe, kama cha mtu mwingine.

Pip.

Pip.

Kisha lenzi ikagoma.

Krr... krr... krr... Ilikwenda mbele, ikarudi, ikaenda mbele, ikarudi. Haikushika kitu. Flashi alijua maana yake, kila mpiga picha anajua. Lenzi ile haioni kilicho karibu kuliko urefu wa mkono.

Akashusha kamera polepole.

Mbele yake palikuwa na sebule, jua kwenye vigae, na mgongo wa mama yake. Basi. Ila nywele za kwenye paji la uso wa Flashi zilitikisika kidogo, mara moja, kama mtu amepumua.

"Ah!" mama akaguta. Akanyoosha shingo, akazungusha mabega. "Alhamdulillahi. Kumeachia. Mgongo umeachia ghafla." Akageuka kwenye kigoda, uso wake umerudi rangi, tena anatabasamu. Akamwona binti yake amesimama wima mlangoni, macho yamemtoka. "Sasa wewe umekumbwa na nini? Umeona jini?"

"Hapana, Mama."

"Basi weka hiyo kamera, utie chai. Mimi nina njaa ya siku mbili."

Jioni ile mama alishona vifungo vyote.

Fundi alimshauri aiponde lenzi kwa nyundo. Flashi aliishika nyundo mara mbili, na mara zote mbili akaiweka chini. Akiiponda, atakiita na nini, siku akitaka kiondoke? Aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka juu ya kabati, akarudi kupiga picha na lenzi yake ya zamani. Kazi iliendelea. Wateja waliona tu kwamba hataki kupigwa picha yeye, hata kwa simu, hata na bibi harusi anayemng'ang'ania mkono.

Wiki zikapita. Hakuugua. Hakuhisi baridi shingoni wala uzito mgongoni. Alianza kujiambia kwamba labda kimerudi kwake, huko mbali kinakokaa. Au labda, alivyokiita kwa mbele, hakikujua tena kimfanye nini.

Jumamosi moja alirudi kutoka studio mapema, jua bado liko juu. Mama alikuwa kwenye benchi la sebuleni, anachambua nguo za kupiga pasi, amempa mlango mgongo. Flashi alivua viatu, akaingia.

"Karibuni," mama akasema.

Flashi akasimama palepale.

"Mama, ni mimi. Niko peke yangu."

Mama aliacha kuchambua. Akageuza sikio kidogo, bila kugeuza kichwa, kama anayesubiri mtu amalize kuingia. Kisha akavuta nguo zake upande mmoja na kusogea hadi mwisho wa benchi.

"Haya," akasema kwa sauti ya chini. "Kaeni."