Komora na Korongo la Bangale

Rafiki yangu Komora wa Garsen ana dharau ya bure. Alinunua helmeti, basi akajiona anaijua nyika kuliko wenyeji. Alikuwa akiwapangia watalii safari ngumu ya baiskeli ndani ya korongo moja nyuma ya mji mdogo wa Bangale, akaenda peke yake na baiskeli yake kuikagua njia.

"Jioni sisi hatupiti humo," Sabdio, mama aliyekuwa akichunga mbuzi, alimwonya.

"Mama, hofu hiyo wape mbuzi wako," alimjibu, akashuka.

Humo chini giza liliingia kabla jua halijazama. Akasikia mnyororo wa baiskeli nyuma yake: kri, kri, kri. Akasimama. Ule mlio ukazidi kukaribia. Akamulika tochi, hakuona mtu. Shujaa wetu akaitupa baiskeli, akakimbia hadi chumba alichokodi Bangale, akajifungia.

Asubuhi wenyeji walimsindikiza kuifuata. Baiskeli ilikuwa imelala palepale alipoitupa. Lakini kutoka hapo, mchangani, alama za tairi zilizifuata nyayo zake mpaka mlangoni mwa chumba chake. Alama za kurudi hazikuwepo.