Usimshone Mdomo

Jua lilikuwa linaaga wakati Bibi Sindano alipotoka kwa muuza nyuzi, amenuna. Uzi mweusi aliotaka haukuwepo. Kapewa wa kahawia, na utani juu.

"Bibi, nani atachungulia nywele za mwanasesere?"

"Mimi! Na ungekuwa na macho kama yangu, usingeuza uzi uliooza."

Mtaa mzima ulimwita Bibi Sindano, na si kwa ajili ya kushona tu. Ulimi wake nao ulichoma. Kazi hakufundishwa na mtu. Alianza na soksi kuukuu na mabaki ya vitambaa, akaharibu, akafumua, akashona tena, mpaka watu wakawa wanasimama dirishani kwake wakiapa kwamba wale wanasesere wanapumua. Alijivunia mambo mawili maishani: kazi yake haitoki nusu, na neno lake halirudi nyuma. Hakujua kwamba siku moja mambo hayo mawili yatagombana mikononi mwake.

Akiwa bado mbali na nyumbani, alisikia sauti ya mjukuu wake. Mtoto huyo walimwita Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa. Aliongea akila, aliongea akioga, akikosa mtu aliongea na paka. Mama yake alifanya kazi mji mwingine, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wawili tu, bibi na mjukuu. Bila ile sauti, bibi asingejua kama kumekucha.

Jioni hiyo Chiriku alikuwa anaongea na mwanamke aliyeketi kizingitini, kakumbatia furushi la nguo.

Harufu ilimfikia Bibi kabla ya salamu. Nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi. Ukungu... na chini ya ukungu, utamu kidogo, kama tunda lililopitiliza.

"Mjukuu wako anajua kuongea," mwanamke alisema. Hakutabasamu.

"Hana kazi nyingine huyo. Karibu, mwanangu. Sema shida yako."

"Nimefiwa na binti yangu. Nguo zake ndizo hizi. Nataka mwanasesere, na umjaze nguo hizihizi. Usichanganye na pamba."

"Pole sana, mwanangu. Pole mno. Nitakutengenezea."

"Macho weka. Pua weka." Akainama, akanong'ona. "Mdomo usimshone."

Bibi Sindano alimkodolea macho.

"Mwanasesere bila mdomo ni mto wa kulalia tu, mama."

Mwanamke alilikaza fundo la furushi.

"Basi nitengenezee mto wenye macho."

Ungekuwa utani, Bibi angecheka. Haukuwa utani.

"Unaniahidi?"

"Nimeshasema nitatengeneza unavyotaka. Mimi sisemi mara mbili."

"Keshokutwa, jua likizama, nitamfuata." Akaondoka. Harufu ilibaki.

Bibi aliianza kazi siku iliyofuata. Alikata kiwiliwili kwa kitambaa cha rangi ya udongo, akashona kwa ndani, akakigeuza kwa mpini wa mwiko. Kisha akakaa kuchana zile nguo vipande vidogo na kuvisukuma kwa kijiti, akianzia vidoleni, maana vidole visipojaa vizuri mkono wote huonekana umekufa. Sketi ya shule iliingia mguuni. Blauzi ikaingia kifuani. Mwishoni kabisa akafikia gauni la kulalia.

Kola yake ilikuwa ngumu. Akaigeuza kwenye mwanga.

Alama za meno.

Meno madogo, yaliyong'ata kwa nguvu mpaka kitambaa kikatoboka. "Watoto hutafuna kila kitu," alijisemea, akalichana gauni na kulisukuma kichwani mwa mwanasesere. Lakini moyo wake haukutulia, na alijua haukutulia.

Sasa niseme jinsi alivyokuwa akishona midomo, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Bibi Sindano alikuwa na msemo wake: mdomo hautungwi, mdomo huazimwa. Macho aliweza kuyabuni, pua vilevile, lakini mdomo aliushona mwisho kabisa, huku akiutazama mdomo wa mtu aliye hai mbele yake. Mtaani kulikuwa na watu wazima waliokutana na midomo yao kwenye nyuso za wanasesere, vitandani mwa watoto wa jirani. Kinyozi naye alikuwa na mwanasesere mwenye mdomo wake, na alijisifu naye. Hakuna aliyewahi kudhurika.

Ila wanasesere hao walijazwa pamba.

Siku ya ahadi, alasiri, kazi ilikuwa imeisha. Mwanasesere alikaa mezani, nywele za uzi wa kahawia, macho makubwa, mashavu yaliyovutwa vizuri kwa uzi wa ndani. Na chini ya pua... palikuwa tambarare tu kama ukuta.

Bibi alifagia. Akarudi. Akamfunika kwa kanga. Kanga ikaanguka. Akamfunika tena.

Ikaanguka.

Yale macho hayakuwa ya kuomba. Yalikuwa ya mtu aliyezuiwa kusema.

"Kazi yangu haitoki nusu," Bibi alinung'unika. "Vishono vichache tu. Akikataa nitafumua mbele yake."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akatunga sindano.

Chiriku alikuwa mkekani, jino la mbele limeng'oka juzi na pengo linapiga mluzi kila neno, anasimulia habari za paka, za mwalimu, za sokoni. Bibi aliutazama ule mdomo mdogo usiochoka. Akashona mdomo wa juu. Akashona wa chini. Katikati akaacha upenyo mdogo, pale jino lilipokosekana. Alikuwa hajawahi kushona mdomo mzuri kama ule. Akafunga fundo, akainama, akaukata uzi kwa meno.

"Bibi, kesho tukienda sokoni utaninunulia—"

Kimya.

Bibi aligeuka. Chiriku alikuwa amekaa vilevile, mdomo wazi. Midomo ilicheza. Koo lilipanda na kushuka. Sauti haikutoka.

"Chiriku? Acha mchezo, mama."

Mtoto alishika shingo yake. Macho yalijaa machozi.

Ndipo mezani pakasikika kitu... krrr... kama kitambaa kinachochanwa polepole.

"...utaninunulia utepe mwekundu?"

Sauti ya Chiriku. Kila kitu chake, mpaka ule mluzi mdogo wa pengo.

Ilitoka mezani.

Bibi alishika ukuta. Mwanasesere alikohoa mara moja, kikohozi kikavu. Na sauti iliyofuata haikuwa ya Chiriku tena.

"Mama, niondolee huu mto. Nitanyamaza. Mama, nitanyamaza..."

Harufu ile ikajaa chumba kizima.

"Hodi."

Jua lilikuwa linazama, na mwanamke alikuwa mlangoni. Hakungoja kukaribishwa. Alimtazama mwanasesere, akautazama ule mdomo, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Nilikwambia usimshone."

"Ulimfanya nini mwanao?" Bibi alinong'ona. "Gauni lina meno yake! Ulimfanya nini, wewe?"

"Akianza kusema hanyamazi. Alikuwa hivyo tangu mdogo." Akanyoosha mikono. "Nipe."

"Sauti ya mjukuu wangu imo humu!"

"Basi ndiyo bei ya kiburi chako. Nipe."

Hasira zilizomponza Bibi Sindano maisha yake yote, siku hiyo zilimwinua. Alimnyakua mwanasesere, akajibanza pembeni, akaingiza ncha ya mkasi kwenye kishono cha kwanza. Mwanasesere alipiga ukelele. Kwa sauti ya Chiriku. "Bibi, unaniumiza!" Akakata. Akakata tena, huku analia, mpaka uzi wa mwisho ukatoka na kubaki vitundu tu vya sindano.

"Bibi!"

Safari hii ilitoka mkekani. Chiriku alimrukia kiunoni, analia kwa sauti yake mwenyewe, nzuri, ya kukera, ya kila siku. Bibi alimkumbatia mpaka viungo vikauma.

Mwanamke alimwokota mwanasesere aliyeangukia sakafuni. Alipangusa vile vitundu kwa kidole gumba, kama mama anayempangusa mtoto makombo. Akaelekea mlangoni.

"Mama," Chiriku alisema, kwa sauti isiyo na ule mluzi wa pengo.

Mwanamke alisimama. Hakugeuka.

"Mama, hamna mtu ndani ya huyo unayembeba."

Mabega ya mwanamke yalishuka taratibu. Kisha akatoka, akimburuza mwanasesere kwa mguu.

Tangu siku hiyo Chiriku huongea kama zamani, asubuhi mpaka alasiri. Bibi angekwenda kushtaki, lakini angesema nini? Kwamba kaambiwa na mwanasesere? Amefunga dirisha la kazi, na sindano zake zimeshika kutu. Likikaribia kuzama jua, mtoto hupunguza maneno mwenyewe, husogea ukutani, na hutaka taa iwashwe mapema.

Mwanzoni mwanamke alikuwa akipita tu barabarani. Baadaye akawa anasimama ng'ambo, penye nguzo ya taa. Jioni ya jana alivuka. Bibi alimwona kupitia ufa wa mlango. Hakuwa na mwanasesere. Kwapani alibana kitu cheupe, kinene, chenye pembe nne.

Bibi alisukuma komeo mpaka mwisho. Akageuka kumwambia mjukuu wake anyamaze, asitoe hata pumzi.

Hakukuwa na haja. Hodi ilikuwa bado haijapigwa, na Chiriku alikuwa tayari ameuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.