Sungura Aliyelishwa Biskuti

Kila jioni, kabla ya kugusa daftari, Chiriku alitakiwa kukata nyasi nyuma ya nyumba, kuzianika na kumlisha sungura wake. Jina hilo la utani alipewa na babu yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini kwa wiki mbili sasa alikuwa amepata njia ya mkato: biskuti na ndizi mbivu. Sungura alivifakamia, na Chiriku akajidanganya kuwa huko ndiko kumpenda.

Jumamosi asubuhi alimkuta amejikunyata pembeni, hataki kula. Tumbo lilikuwa gumu, na sakafu ya kizimba haikuwa na hata chembe ya kinyesi. Babu akamtia kikapuni, wakakimbilia kwa daktari wa mifugo, mama mwenye mikono mipole na maneno machache.

"Anakula nini huyu?" daktari aliuliza huku akilipapasa tumbo.

"Nyasi tu, daktari," Chiriku alijibu upesi.

Daktari alichungulia meno, akakunja uso. "Mwanangu, yeye hawezi kunieleza. Nikikosea tiba, tutampoteza. Nakuuliza tena."

Chiriku alimtazama sungura akihema kwa shida. Machozi yakamtangulia. "Ni biskuti. Na ndizi. Niliona uvivu kukata nyasi. Nisamehe, babu."

Babu akaguna. "Kumbe hata chiriku anajua kunyamaza! Hujasikia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua?"

Daktari alimnywesha sungura dawa kwa bomba dogo lisilo na sindano, akamkanda tumbo, kisha wakasubiri kwenye benchi. Chiriku hakubandua macho kikapuni. Adhuhuri akaruka juu.

"Kimetoka! Babu, kimetoka!"

Kilikuwa kinyesi kimoja, kidogo kama punje ya pilipili manga, kikafuatwa na cha pili. Alishangilia hadi mzee aliyeleta mbuzi wake akauliza nani kajifungua. Babu alicheka mpaka akafuta machozi.

"Sasa nisikilize," daktari alisema. "Nyasi kavu ziwepo mchana na usiku. Majani mabichi kiasi, maji safi, na karoti kipande kidogo, tena mara mojamoja. Kinachopendwa na mdomo si lazima kilifae tumbo. Na ungeendelea kunificha, mngerudi na kikapu kitupu. Kilichomponya kwanza ni ukweli wako, mwanangu. Dawa yangu imefuata nyuma."