Kamusi ya Mzee Athanasi

Kila siku akitoka shule, Nyamizi alijifungulia mlango, akala ugali uliopoa, akaosha sufuria, kisha akakaa peke yake. Shangazi yake aliuza mitumba sokoni Bariadi na kurudi jioni akiwa amechoka, hana hamu ya mazungumzo. Nyamizi alikuwa ameletwa mjini kutoka Migato mwaka huo. Wasichana wa darasa la tano bado walicheka Kiswahili chake.

Jirani yao, Mzee Athanasi, naye aliishi peke yake. Alikuwa karani wa ushirika wa pamba hadi wanunuzi binafsi walipokuja na magari yao, na ushirika ukapunguza watu. Sasa alishinda barazani akijaza fumbo la maneno kwenye magazeti mapya yaliyoletwa na basi la Mwanza. Alimwita Nyamizi "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, kama mama yake alivyomwita nyumbani, akamfundisha kujaza visanduku kwa msaada wa kamusi yake kuukuu.

"Isome hapahapa," alimwambia. "Kamusi hii haitoki barazani."

Siku moja mzee aliingia ndani kuchota maji. Nyamizi aliwaza nyumba tupu inayomsubiri, akaiweka kamusi kwenye mfuko wake wa shule, akaondoka.

Alifikiri itamliwaza. Aliisoma hadi herufi R, lakini hakuwa na wa kumwambia alichosoma. Barazani aliona aibu kwenda. Akawa anapita njia ya nyuma, na siku zikawa ndefu kuliko zamani.

Jumamosi moja mzee alimwona uani.

"Mayu, umenisusa?"

"Hapana, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo unisaidie." Alimwonyesha gazeti. "Wanasema: mpe mwenyewe kitu chake, herufi saba. Nimeandika RUDISHA. Lakini neno EMBE linaanzia kisanduku cha pili, kwa hiyo kinataka E."

"Ni REJESHA, babu," Nyamizi alisema kabla ya kufikiri.

Mzee alihesabu kwa kidole, akatabasamu kidogo. Kisha akalikunja gazeti.

"Ningekuwa na kamusi ningeliona neno hilo. Sijui nimeiweka wapi. Nimepekua hadi chini ya kitanda. Juzi nilimwambia mwanangu Luhaga kwamba kichwa changu kimechoka. Kesho anakuja kunichukua nikaishi kwake Dutwa."

Nyamizi alijua kamusi iko wapi. Akikaa kimya, hakuna atakayejua. Lakini mzee angeondoka akiamini akili zake zimeharibika.

Alikimbia nyumbani, akarudi na kamusi, akaiweka magotini pa mzee.

"Hukuisahau popote, babu. Niliichukua mimi. Naomba unisamehe."

Mzee Athanasi aliweka mkono juu ya jalada.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ulisema haitoki hapa. Na kule nyumbani kuna upweke sana."

"Hata hapa upweke upo," mzee alisema taratibu.

Jioni ile Nyamizi alimweleza shangazi yake kila kitu. Shangazi alimkaripia, kisha akamtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Kumbe hukai vizuri humu," alisema. "Jumamosi utakuwa unakuja nami sokoni."

Luhaga alipofika kesho yake, alimkuta baba yake hajafungasha hata shati.

"Siendi," mzee alisema. "Kichwa changu ni kizima."

Kisha akamgeukia Nyamizi, aliyesimama kando ya ukuta.

"Sikiliza, mayu. Ukichukua kitu cha mtu bila ruhusa, hujui unaondoka na nini kingine. Wewe ulidhani umebeba kitabu, kumbe uliondoka na imani yangu juu ya akili yangu mwenyewe. Ukikirudisha unaona aibu ya siku moja, lakini usipokirudisha aibu hukaa nawe kila siku. Umenielewa?"

"Nimeelewa, babu."

"Basi kaa. Leo tuna fumbo gumu."