Alama Aliyopewa Chiriku

Kila asubuhi Kibibi na Chiriku walifagia darasa pamoja, mmoja akisogeza madawati, mwingine akipiga porojo. Kibibi aliitwa hivyo kwa sababu aliongea kama mtu mzima. Na Chiriku? Mdomo wake haukujua likizo!

Wiki hiyo mwalimu wa malezi alitafuta dada mlezi wa watoto wa darasa la kwanza. Akagawa dodoso la kupima ukomavu: kila mwanafunzi ajieleze mwenyewe, kisha amweleze jirani yake wa dawati. Kibibi aliutaka ulezi ule kufa na kupona. Alipofika kwenye swali, "Je, mwenzako hushindwa kuzuia hasira?" akamwekea Chiriku, jirani yake, alama penye "Mara nyingi". Loo! Chiriku alikuwa amefoka mara moja tu, tena siku ile wavulana walipomcheka Kibibi kwa viatu vyake vilivyotoboka.

Matokeo yakatoka. Kibibi akachaguliwa.

"Hongera, shoga yangu!" Chiriku alisema, macho mekundu. "Mimi eti nina hasira. Labda ni kweli, sijijui tu. Wewe nilikuandikia kwamba ukikosea unakiri kosa, mara zote."

Kibibi alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni alisukuma sahani ya chakula kando.

"Unaumwa, mwanangu?" mama aliuliza, akisimamisha cherehani.

"Siumwi, mama. Nimemwonea mtu."

"Basi mimi sina dawa yake. Nenda kwa uliyemwonea."

Kesho yake alimkuta Chiriku ofisini kwa mwalimu, akipanga vitabu. Kibibi akasema, "Mwalimu, nilimsingizia Chiriku. Hana hasira. Niliutaka ulezi."

Chiriku aliangusha vitabu. Kisha akaangua kilio. "Na mimi nilikutetea!"

"Najua. Nisamehe. Naona aibu sana."

Mwalimu akavua miwani. "Na mimi nimekosea, nimeamini karatasi bila kuuliza watu. Chiriku, ulezi ni wako."

Kisha akamgeukia Kibibi. "Karatasi hupima majibu tu, binti yangu. Ukomavu ni kusema kweli hata pale kweli inapokunyang'anya unachokitaka. Umechelewa, lakini leo umekua. Ila msamaha usimdai mwenzako. Mwache akupe siku atakayokuwa tayari."