Mlango Ambao Wacera Hakuuchora

Karatasi ilikuwa mpya, imetoka dukani siku hiyo hiyo, lakini ilinuka moshi. Moshi wa kuni mbichi.

Wacera aliinusa, akacheka. Kazi yake pale Ruring'u ilikuwa kuchora vyumba kwa penseli, ndani kabisa, na mkono wake, wacha tu: ungetamani uingie ukae. Jirani yake Kingori alikuwa amemwomba amchoree jiko la marehemu mama yake kabla hajalibomoa, mafiga, kigoda na yote. Na kama kawaida yake, Wacera alimchora humo binti yake Nduta, amesimama, ili anayetazama ajue dari iko juu kiasi gani.

Kesho yake Nduta akauliza, "Mami, nani ananiita?"

"Nani tena? Kunywa uji."

"Ako jikoni. Si jikoni yetu."

Mtoto akaanza kukohoa kama ajuza, nywele zikanuka moshi hata zikioshwa, na kwenye karatasi kile kigoda, ambacho Wacera alikichora kando ya ukuta, kila asubuhi kilikuwa kimesogea karibu na yule msichana wa penseli, na juu yake kivuli kimekaa, kimeinama, kama mtu anayeota moto.

Gladwell wa kanisa akaja na akina mama wenzake mchana kweupe.

"Toka, pepo wewe!"

Nduta akajibu kwa sauti ya kikongwe, polepole, bila hasira. "Nitokee wapi, mwanangu? Huyu ametuchorea kuta tatu tu."

Ni kweli. Mchoraji husimama mlangoni akitazama ndani, kwa hivyo mlango humbakia mgongoni.

"Wacera, chora mlango," Gladwell akanong'ona. "Ngai wangu, chora haraka!"

Akachora kwenye ukuta wa nyuma wa lile jiko, akachora kizingiti, akachora bawaba, akauacha mlango wazi, na akina mama wakazidi kuimba, na moshi ukajaa chumbani mpaka hawakuonana nyuso, kisha ukaisha ghafla, na mtoto akaacha kukohoa.

"Bwana asifiwe!"

Wacera akaitazama karatasi. Kigoda kilikuwa kitupu. Nje ya mlango, mbali, kasichana kadogo kalikuwa kanaenda zake. Aliyechorwa ndiye aliyetoka.

"Wacera," akasema mtoto kitandani, ambaye hajawahi kumwita mamake kwa jina, "funga huo mlango. Kuna baridi."

Mpaka leo Wacera humchora Nduta akirudi nyumbani. Kila akimaliza, yule mtoto wa penseli amempa mgongo.