Uchungu Ulioachwa Chumbani

Mashine ilikuwa haijawashwa, lakini chumba kilikwisha kunuka nywele zilizoungua. Dada wa Leza, kama wateja walivyozoea kumwita, alinusa viganja vyake, akafungua dirisha. Kwa miaka minne alikuwa akififisha makovu kwa mwanga wa mashine ya leza katika kliniki ile ya ngozi, na kila aliyekaza meno kitandani alimbembeleza kwa maneno yaleyale: "Uchungu wako niachie humu chumbani, usiende nao nyumbani." Yalikuwa maneno ya faraja tu. Hakupata kujiuliza uchungu wote huo ulibaki na nani.

Mteja wa asubuhi hiyo alikuwa shangazi yake, mwenye kovu la mafuta ya moto shavuni.

"Ganzi ya nini?" shangazi alisema akijilaza. "Nimezaa sita, mwanangu. Hicho kimwanga chako kitanifanya nini?"

"Utanitajia uchungu, shangazi. Sifuri hadi kumi. Ukifika saba nasimama."

Wakavaa miwani ya kinga. Akaelekeza bomba la hewa baridi, akapiga mwanga.

"Ngapi?"

"Sifuri. Au umesahau kuwasha?"

Akapiga tena. "Ngapi?"

Midomo ya shangazi haikutikisika. Jibu lilitoka chini ya kitanda, kwa sauti ya mtu anayelamba vidole baada ya kushiba, nayo ilisema "nane" taratibu, ikalirudia neno kama kitu kitamu isichotaka kukimeza, huku shavu la shangazi likiota lengelenge jeupe mbele ya macho ya mpwa wake, na bomba la hewa baridi likianza kupuliza joto la pumzi.

"Nani huyo?" shangazi alinong'ona.

"Usiinuke."

"Shavu langu silisikii, mwanangu. Limekwenda wapi?"

"Niliachiwa," ilisema sauti. "Kila siku niliachiwa."

Dada wa Leza hakukimbia. Alikunja mkono wa blauzi, akajipiga mwanga kwenye mkono mtupu. Ngozi iliungua; hakuhisi kitu. Chini ya kitanda kitu kikafyonza.

"Nilikosea," alisema Dada wa Leza. "Niligawa kisicho changu. Rudisha."

Kikacheka. Ndipo shangazi alipovua miwani, akaketi.

"Wewe uliye huko chini, nisikilize. Kovu hili nililipata nikimtoa mtoto huyu jikoni. Uchungu wake nimeishi nao kuliko nilivyoishi na mume. Siugawi, siuazimi. Lete."

Taa zikafifia. Shangazi akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, naye akicheka kwa meno yaliyoumana.

"Tisa," alisema. "Tisa, mwanangu. Limerudi."

Mpwa wake alimfunika shavu kwa kitambaa cha baridi, akalifunga bendeji. Lakini mkono wake mwenyewe, alipoubonyeza kidonda, ulikaa kimya kama wa mtu mwingine.

Mchana akaingia mteja mwingine, fundi viatu mwenye alama begani.

"Inauma sana?" aliuliza.

"Inauma. Nitakupaka ganzi, nitakupuliza baridi, nitasimama ukisema. Ila uchungu utakaobaki ni wako. Utatoka nao mlangoni."

"Mbona unaniambia huku umeinamia chini ya kitanda?"

"Kuna mwingine anayepaswa kusikia."

Akapiga mwanga. "Ngapi?"

"Nne," alisema fundi viatu, kwa kinywa chake mwenyewe.

Chini ya kitanda tumbo likanguruma kwa njaa. Dada wa Leza aliusogeza mkono wake uliokufa ganzi karibu na ukingo, akangoja uchungu wake urudishwe.